Simu ya Kukunjwa na Vumbi la Ukambani

Majuma machache yaliyopita nilikuwa mgeni katika shule moja ya sekondari katika Kaunti ya Makueni, mwendo mfupi kutoka mji wa Wote. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu uandishi wa insha. Saa nne, wakati wa chai, tuliketi katika ofisi ya walimu, kila mtu na kikombe chake, na mazungumzo yakawa yale yale ya kila shule: mvua iliyokataa kunyesha, alama zinazotakiwa kupakiwa katika tovuti ya Baraza la Mitihani, na karo ambayo haijalipwa. Ghafla mwalimu mmoja akatia mkono mfukoni, akatoa simu, akaifungua kama mtu afunguaye kitabu. Kioo kikatandaa hadi kikawa na upana wa daftari dogo.

Vikombe vilitua mezani. Hata naibu wa mwalimu mkuu, mtu asiyeshangazwa na kitu, alisukuma miwani yake juu ya paji la uso akasogea. Wanafunzi wawili waliokuwa wameleta madaftari walisahau kilichowaleta, wakabaki mlangoni vinywa wazi. Simu ilizungushwa mkono kwa mkono, ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Hakuna aliyeuliza inafanya kazi gani. Swali la kwanza lilikuwa bei, na la pili lilikuwa kama inaweza kulipwa polepole.

Nilipokuwa nikiondoka, mwalimu mmoja kijana alinisindikiza hadi langoni. Alikuwa amefundisha kwa muda akiwa mwanagenzi, na sasa ameajiriwa kwa masharti ya kudumu. "Mzee," akaniambia, "wewe huandika magazetini. Niambie ukweli. Nikope ninunue, au nisubiri?" Sikumjibu pale langoni, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Nilimwahidi jibu katika ukurasa huu.

Nianze kwa kukiri kwamba nami niliitamani. Mtu aliyeishika simu ile asipotamani kitu, huenda hana vidole. Isitoshe, sipendi ile tabia ya watu wa mijini kuwaambia watu wa Kitui na Makueni kwamba vitu vizuri si vyao, kwamba wao wapewe kisima, mbegu za ndengu na nasaha. Mwalimu wa Mutomo ana macho sawa na ya mwalimu wa Nairobi, na mshahara wao wa msingi hutoka katika mfuko mmoja wa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Kwa hivyo sitajibu swali la kijana yule kwa kumwambia aridhike na alicho nacho. Kuridhika ni shauri la mtu binafsi. Yeye aliniuliza kuhusu kifaa, na kifaa hujibiwa kwa hoja za kifaa.

Wanafunzi wa fizikia wanisikilize hapa. Simu za kukunjwa si jambo geni. Kampuni ya Motorola iliuza simu ya StarTAC mwaka wa 1996, na mwaka wa 2004 ikatoa Razr V3, ile nyembamba iliyofungwa kwa mlio mtamu ambao watu walipenda kuusikia wakimaliza mazungumzo. Lakini katika simu hizo kioo chenyewe hakikukunjwa. Bawaba ilikuwa kati ya kioo na vibonye, kama mlango ulivyo kati ya chumba na chumba. Mlango ukifungwa mara elfu, ukuta haudhuriki.

Simu za sasa ni habari nyingine. Kinachokunjwa ni kioo chenyewe, kikiwa na picha zake na maandishi yake. Jambo hili liliwezekana baada ya wahandisi kuunda vioo ambavyo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, bila kuhitaji taa kwa nyuma, na hivyo vikaweza kutandazwa juu ya utando mwembamba wa plastiki badala ya kipande cha kioo kigumu. Kampuni ya Royole ya China ndiyo iliyotangulia kuonyesha simu ya aina hiyo kwa ajili ya kuuzwa, mwishoni mwa mwaka wa 2018. Samsung ya Korea Kusini ikafuata mwaka wa 2019 na simu yake ya Galaxy Fold. Mwaka wa 2020 Samsung iliweka katika Galaxy Z Flip kioo halisi chenye unene wa takriban mikromita 30, yaani sehemu tatu za mia moja za milimita. Unywele wa binadamu kwa kawaida ni mnene kuliko hivyo. Hata hivyo, juu ya kioo hicho bado kuna utando wa plastiki, na huo ndio kidole chako hugusa. Ukucha mrefu unaweza kuuachia alama.

Baada ya hapo mashindano yalipamba moto. Tecno, jina linalojulikana katika kila soko la Ukambani, ilionyesha Phantom V Fold jijini Barcelona mwezi wa Februari mwaka wa 2023, na baadaye mwaka huo huo ikaleta Phantom V Flip. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 Huawei ilileta simu inayokunjwa mara mbili, yenye kurasa tatu kama barua iliyokunjwa ili itoshee katika bahasha. Royole, iliyowatangulia wote, ilifilisika mwaka wa 2024. Kutangulia si kufika, nao waliotangulia kununua simu zake sasa wanamiliki kifaa ambacho aliyekitengeneza hayupo.

Kampuni hizi husema nini kuhusu uimara? Samsung imekuwa ikisema kwamba simu zake hujaribiwa kwa kukunjwa mara 200,000. Hesabu hiyo si mbaya. Mtu anayeifungua simu yake mara 100 kwa siku atafikisha idadi hiyo baada ya siku 2,000, ambayo ni miaka mitano na zaidi kidogo. Walimu wengi hawaifungui mara 100, labda siku ya mshahara. Ukiitazama hesabu hii peke yake, utasema kijana akope na anunue.

Lakini mashine inayoikunja simu mara 200,000 huikunjia katika maabara. Haiikunjii Ikutha mwezi wa Septemba.

Yaliyotokea mwaka wa 2019 yanafaa kukumbukwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo, Samsung iliwapa waandishi wa habari wachache simu za Galaxy Fold wazijaribu kabla hazijaanza kuuzwa. Katika muda wa siku chache tu, baadhi ya simu hizo zikaharibika. Wengine walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni ile karatasi ya plastiki ambayo simu mpya huja nayo. Kwa wengine, chembe ya uchafu ilipenya kwenye nafasi ndogo iliyo kando ya bawaba, ikaingia chini ya kioo na kukisukuma kutoka ndani. Kampuni iliahirisha mauzo hadi Septemba, ikaziba nafasi zile kwa vifuniko vidogo. Mwaka uliofuata ikaweka ndani ya bawaba ya Z Flip nyuzi za nailoni zinazofagia vumbi kila simu inapofungwa na kufunguliwa. Tafakari jambo hili, msomaji. Kampuni tajiri kuliko serikali nyingi za Afrika ilitengeneza simu, kisha ikagundua kwamba inahitaji ufagio.

Hapo ndipo Kitui na Makueni zinapoingia katika habari hii.

Aliyekaa Ukambani hahitaji kuelezwa vumbi ni nini. Kati ya Juni na Oktoba, kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijanyesha, nchi hukauka hadi ikawa kama unga. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imepunguza adha kubwa, lakini ondoka kwenye lami hiyo hatua mia tu kuelekea shule yoyote, na kila pikipiki inayopita itakuachia wingu jekundu. Mito ya Tiva, Thua na Kaiti huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mchanga huo ni baraka yetu. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL la Kitui limewasaidia wananchi kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga, kuta fupi za zege zinazokinga mto ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji yasikaushwe na jua. Watu huchimba mchangani wakanywa. Lakini mchanga huo huo, upepo ukiusaga na kuubeba, huingia ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, sembuse bawaba ya simu.

Mwalimu ana vumbi jingine lake mwenyewe, nalo ni chaki. Shule zetu nyingi bado zina ubao mweusi. Mwalimu wa hesabu anayefundisha vipindi sita kwa siku huondoka na chaki kwenye vidole, kwenye mikono ya shati na ndani ya mfuko wa koti. Mfuko huo huo ndio anaotilia simu. Mwalimu yule wa Wote alipoifungua simu yake, niliona mstari mweupe mwembamba umelala katika mkunjo wa kioo. Alijaribu kuupangusa kwa kidole gumba. Haukutoka wote.

Kampuni zenyewe hazifichi jambo hili. Wanunuzi wachache tu ndio wanaojua kusoma zinachoandika. Kwenye maelezo ya simu huwa kuna herufi I na P zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza hueleza jinsi kifaa kinavyojikinga na vitu vigumu kama vumbi, na ya pili hueleza kinavyojikinga na maji. Galaxy Z Fold3 ya mwaka wa 2021 ilisifiwa sana kwa kuwa na IPX8. Tarakimu ya 8 ilimaanisha kwamba inaweza kuzama katika kina kidogo cha maji isife. Herufi X mahali pa tarakimu ya kwanza ilimaanisha kwamba kinga dhidi ya vumbi haikutajwa hata kidogo. Mwaka wa 2024 Z Fold6 ikapata IP48. Tarakimu ya 4 maana yake ni kinga dhidi ya vitu vyenye upana unaozidi milimita moja. Chembe ya chaki haifiki milimita moja. Vumbi la Kyuso halifiki. Kwa maneno mengine, simu hiyo ilikuwa imekingwa vizuri dhidi ya mafuriko, ambayo kwetu huja mara moja moja, na kukingwa dhidi ya changarawe, lakini si dhidi ya hewa tunayovuta.

Haki itendeke: mambo yanabadilika. Mwaka wa 2025 Google ilitoa Pixel 10 Pro Fold yenye IP68, yaani kinga kamili ya vumbi na ya maji, kiwango ambacho simu za kawaida za bei ghali zilikuwa nacho miaka mingi kabla yake. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba simu ya kukunjwa haiwezi kamwe kustahimili vumbi. Inaweza. Imechukua miaka saba tangu ya kwanza kuonyeshwa, na bado ni chache na ghali.

Ila vumbi ni nusu tu ya maneno. Nusu ya pili ni fundi.

Miaka kadhaa iliyopita simu yangu mwenyewe, ya kawaida kabisa, ilikataa kuchaji nikiwa safarini Kitui. Nilimpelekea fundi mmoja aliyekuwa na meza ndogo kando ya soko, chini ya mwavuli. Aliitazama kwa jicho moja, akachukua sindano na brashi ya meno, akatoa kwenye tundu la kuchajia kitu kilichofanana na kipande cha blanketi. Nililipa shilingi mia moja. Meza za aina hiyo ziko Wote, ziko Mwingi, ziko Emali, Makindu na Mtito Andei. Hapo ndipo uchumi wa simu wa Ukambani ulipo. Mafundi hao hubadilisha betri, hubadilisha vioo na vibonye, na kama hawana kipuri, humwomba dereva wa matatu awaletee kutoka Nairobi jioni. Wengi wao hawakujifunza kazi hiyo darasani. Walijifunza kwa kufungua simu zilizokufa.

Mpelekee fundi huyo simu ya kukunjwa iliyopasuka katikati, uone atakavyoishika. Kioo chake hakipatikani kwenye droo yake. Kukifungua bila kukitia mkunjo mpya kunahitaji vyombo asivyonavyo, na bawaba ina vipande vidogo vingi ambavyo vikitoka havirudi. Atakushauri uende Nairobi. Na huko Nairobi nako, bei ya kioo peke yake ni mshtuko. Galaxy Fold ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 2019, kampuni ilisema kwamba mnunuzi angebadilishiwa kioo kwa dola 149 mara ya kwanza, na baada ya hapo kwa dola 599. Dola 599 zilitosha kununua simu mpya nzuri ya kawaida, na chenji ikabaki.

Mimi naona kwamba thamani ya kifaa isipimwe kwa uzuri wake kikiwa kizima. Vitu vyote ni vizuri vikiwa vizima. Ipimwe kwa umbali ulioko kati ya mwenyewe na mtu wa karibu anayeweza kukitengeneza. Baiskeli ni hazina huko Zombe kwa sababu kila kituo kina mtu wa kuziba pancha. Jembe ni hazina kwa sababu mpini unakatwa mtini. Simu ya kukunjwa, kwa mwalimu wa Zombe, iko umbali wa safari ya siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi, kabla hata bei ya kipuri haijatajwa. Ndiyo maana simu ile ile inaweza kuwa ununuzi wa busara kwa wakili wa Nairobi na hasara kwa mwenzake wa Mumoni, bila yeyote kati yao kuwa mjinga.

Najua nitapingwa. Mwalimu yule mwenye simu alinipinga palepale. Alisema hakuinunua kwa maringo. Siku hizi, alisema, kazi ya mwalimu iko kwenye simu. Tathmini ya utendakazi inayotakiwa na Tume hujazwa mtandaoni. Alama za wanafunzi hupakiwa kwenye tovuti. Mtaala mpya unataka picha na video za kazi za wanafunzi. Payslipu iko mtandaoni. Anayejaza majedwali hayo kwenye kioo kidogo huharibu macho, na akienda kwenye duka la kompyuta mjini hulipa kwa kila dakika. Yeye sasa hufungua kioo chake kipana, akaweka jedwali upande mmoja na orodha ya majina upande wa pili, akamaliza kazi akiwa chini ya mwembe.

Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza. Tena nadhani ndiyo hoja ya pekee yenye uzito kwa upande wake. Walimu wamehamishiwa ofisi nzima kwenye simu zao binafsi, kwa gharama yao wenyewe, kwa bando zao wenyewe, na hakuna aliyewauliza kama vioo vyao vinatosha. Mwenye miaka hamsini ambaye macho yameanza kumchezea anastahili kioo kipana.

Anastahili kioo kipana, naam, lakini si lazima kikunjwe. Tableti ya kawaida ya inchi kumi ni pana kuliko simu nyingi za kukunjwa zikiwa zimefunguliwa, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya simu hizo. Ikiungana na simu ya kawaida, bado fedha zinabaki. Anachonunua mwenye simu ya kukunjwa, ukiondoa kila kitu kingine, ni kule kuweza kuutia upana huo mfukoni. Kwa msafiri wa ndege hilo ni jambo. Mwalimu anayebeba begi la madaftari arobaini kila jioni ana nafasi ya tableti.

Kuhusu tableti, Kenya ina somo lake ambalo halijasahaulika. Katika kampeni za mwaka wa 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Vilipofika, kuanzia mwaka wa 2016, vilikuwa tableti, na shule za Kitui na Makueni zilipata mgao wao. Katika baadhi ya shule zilitumika. Katika nyingine zilifungiwa kabatini kwa kuhofia wezi, au betri zikafa na hapakuwa na wa kuzibadilisha. Tableti zenyewe hazikuwa mbovu. Palikosekana mtu na fungu la fedha la kuzitunza, na hilo halikuwa limetiwa katika hesabu tangu mwanzo.

Sasa tufanye hesabu ya kijana wangu. Galaxy Fold ya kwanza iliuzwa kwa dola 1,980. Kwa kima cha mwaka huo wa 2019, dola moja ikiwa karibu shilingi 103, hizo ni takriban shilingi 204,000, bila ushuru na faida ya muuzaji. Mwaka wa 2023 walimu wanagenzi wa sekondari msingi walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ni miezi kumi ya kufundisha bila kula, bila kupanga nyumba, bila kumtumia mama chochote. Zipo za bei nafuu kuliko hiyo siku hizi, hasa zile ndogo zinazokunjwa kama kibeti, lakini hizo ndogo hazina ule upana uliokuwa hoja ya mwalimu. Zikifunguliwa zinakuwa simu ya kawaida. Hapo mtu analipia bawaba tu.

Linganisha na jambo lililotendeka karibu na kwetu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, katika Kaunti ya Machakos, kwa ushirikiano wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya TeleOne ya China. Simu zake mbili za kwanza zilitangazwa kwa shilingi 7,499 na 8,999. Si simu za kujivunia. Kamera zake ni za kawaida na huchoka haraka ukifungua mambo mengi. Lakini kwa bei ya ile Galaxy Fold ya kwanza ungenunua simu 27 za bei ya chini, na kila moja ingejaza fomu ya Tume, ingepokea ujumbe wa benki na kusoma gazeti hili. Zingefunguliwa na fundi wa Emali bila woga.

Kuna jambo jingine ambalo kijana hakulitaja, nami nalitaja kwa niaba yake. Mikopo ya simu siku hizi ni rahisi kupata. Kuna mipango ya kulipa kidogo kidogo kila siku, na imewasaidia watu wengi ambao wasingemiliki simu ya kisasa kamwe. Lakini katika mipango hiyo ukikosa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali. Simu ya bei nafuu ikifungwa, mtu ataazima ya jirani. Ikifungwa simu ya miezi kumi ya mshahara, kinachofungwa pamoja nayo ni akaunti ya benki, M-Pesa, alama za wanafunzi na namba za watu wote. Na mkopo wa chama cha akiba hauifungi simu, lakini hukatwa kwenye mshahara hata kama kioo kilishapasuka miezi sita iliyopita. Sijui deni chungu kuliko lile la kitu ambacho hakipo tena.

Basi je, asubiri? Nimekumbuka habari moja ya zamani ambayo wanafunzi wa leo huenda hawaijui. Simu za mkononi zilipoingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya lililokuwa Shirika la Posta na Mawasiliano, kununua kifaa kimoja kuligharimu takriban shilingi 250,000. Zilikuwa za mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Mwalimu aliyezitamani wakati ule hakuwa na dhambi, na kama angeuza shamba kununua moja, angekuwa amenunua kitu ambacho miaka kumi baadaye kilipatikana kwa maelfu machache, kikiwa bora, chepesi, na chenye tochi. Ile tuliyoiita mulika mwizi ilifika Ikutha na Kathonzweni bila mtu kuuza shamba. Kisha mwaka wa 2007 ikaja M-Pesa, ikafanya kazi kwenye simu hizo hizo za vibonye. Jambo lililobadilisha maisha ya Ukambani kuliko simu yoyote ya kifahari halikuhitaji hata kioo cha rangi.

Kwa hivyo jibu langu kwa kijana wa Wote ni hili. Itamani kwa moyo wote. Soma inavyofanya kazi, waeleze wanafunzi wako wa Gredi ya 9 bawaba ile ina nini ndani, wachoree ubaoni, maana huenda mmoja wao ndiye atakayeunda inayoweza kukaa Kyuso. Lakini usikope. Siku utakapomwona fundi wa soko la Wote akiibadilisha kioo mezani pake, chini ya mwavuli, kwa kipuri alichotoa kwenye droo yake, nunua.

Nilimpigia nikamwambia hayo kabla ya kuyaandika. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulitarajia: "Na iliyotumika, Mzee? Zile zinazotoka Uingereza? Nimeona moja Nairobi kwa nusu ya bei."

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu aliyeiuza anajua ilikunjwa mara ngapi naye hajui. Lakini kwa kuwa najua vijana, na najua ataenda kuitazama hata hivyo, nilimpa maagizo. Aifungue nusu aishike kwenye mwanga, aone kama mkunjo una mstari wa rangi au doa jeusi. Apitishe kidole polepole juu ya mkunjo huo asikie kama kuna kivimbe. Aiache imesimama nusu wazi mezani aone kama bawaba inaishikilia au inaanguka. Kisha aikaribishe sikioni, aifunge na kuifungua mara tatu mahali pasipo na kelele. Akisikia mchanga, airudishe kwa mwenyewe.